Hotuba Iliyonyamazisha Kengele

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia wodi ya shangazi yake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango na kuchukua kengele. Jina la Chiriku alipewa na wagonjwa, maana mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila mara mshale mrefu wa saa ya ukutani ulipofika juu kabisa au chini kabisa, aligonga kengele. Hapo wote waliokaa kwenye viti vya magurudumu walishika vyuma vya kiti, wakajisukuma juu, wakaning'inia kidogo, kisha wakashuka taratibu.

"Ndege, tayari kwa kuruka!" Mzee Breki alipaza sauti kila mara.

Mzee Breki alikuwa dereva wa lori mpaka siku breki zilipomgomea mteremkoni. Alisimulia kwamba lori lile liliruka mto, likapita juu ya ng'ombe wawili, na ng'ombe wa pili akalipigia saluti. Lakini uti wa mgongo ulioumia haukuwa hadithi. Kuanzia kiunoni kwenda chini, hakuhisi kitu.

"Wewe ukikaa vibaya, makalio yanakulalamikia," Shangazi alimweleza Chiriku. "Yao yamenyamaza. Ngozi inabanwa, damu haipiti, kidonda kinaanza, na mwenyewe hana habari. Kengele yako ndiyo inayolalamika kwa niaba yao."

Shangazi alikuwa mtafiti. Kaka yake mkubwa, fundi wa kuezeka, aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa, akapooza miguu. Kuanguka hakukumuua. Kilichomuua baadaye ni kidonda alichokipata kwa kukaa tu. Tangu hapo Shangazi alisoma, akapima, akashona mito ya kukalia kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, akaifumua, akaishona upya. Wenzake walimwita Profesa wa Makalio.

"Cheo nimekipokea," aliwajibu. "Nyinyi endeleeni kuyakalia ya kwenu."

Sasa mto wake mpya ulikuwa ukijaribiwa wodini. Ukifaulu, ungeshonwa kwa ajili ya hospitali nyingi ambako watu bado walikalia mbao na matambara.

Ikafika siku ya wageni wakubwa. Shangazi alikuwa ameitwa jengo jingine. Mkurugenzi wa hospitali alipanga viti vya magurudumu mstari mmoja, kama chupa dukani, kisha macho yake yakaangukia kengele.

"Hiyo weka kabatini. Leo sitaki kelele."

"Lakini muda ukifika, lazima waji..."

"Binti! Unabishana na mimi? Kabatini!"

Chiriku aliifungia kengele katika kabati la ofisi ya Shangazi, akatia ufunguo mfukoni.

Hotuba ikaanza. Ilikuwa ndefu hivi kwamba inzi aliyeingia nayo akiwa kijana alitoka na mvi. Ilihusu jinsi hospitali inavyowajali wagonjwa. Mshale ukashuka, ukapanda, ukashuka tena. Mzee Breki akashika vyuma vya kiti, akaanza kujiinua. Msaidizi wa mkurugenzi akamkandamiza bega.

"Tulia, mzee. Unaharibu picha."

Watu wakapiga makofi. Chiriku akatazama chini.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Chiriku alipofika, muuguzi alikuwa amemgeuza Mzee Breki kifudifudi. Ngozi mahali alipokalia ilikuwa nyeusi tii na ya moto. Alipokimbilia ofisini kwa Shangazi, alimkuta mkurugenzi ameshaanza kumlaumu Shangazi.

"Mto wako umeshindwa! Mipira ya baiskeli, kweli? Jaribio linasimama leo."

Shangazi hakupandisha sauti. "Jana kengele iligongwa?"

"Kama kawaida." Mkurugenzi akamgeukia Chiriku, akatabasamu. "Sivyo, binti?"

Chiriku akisema ndiyo, angesifiwa, na mto wa Shangazi ungetupwa jalalani. Akisema hapana, Shangazi angejua ni nani aliyeifungia kengele. Mkono wake ukagusa ufunguo mfukoni. Akaenda kabatini, akafungua.

"Haikugongwa," alisema. "Niliifungia humu mwenyewe. Wewe ndiye uliyeniamuru. Na Mzee Breki alipojiinua, msaidizi wako alimkandamiza ashuke, eti anaharibu picha."

Shangazi akasimama, akaegemea meza kwa ngumi mbili.

"Mmemkalisha mtu asiyehisi maumivu, mkamzuia asijiokoe, kisha mnausingizia mto? Kwa picha?"

"Dada, elewa. Wageni wale walikuwa watu muhimu..."

"Kaka yangu naye alikuwa mtu muhimu!"

Siku hiyohiyo Shangazi alilifikisha jambo kwa bodi ya hospitali. Jaribio likaendelea, na mkurugenzi akatakiwa kwenda kuomba radhi kitandani kwa Mzee Breki.

Chiriku alimtangulia. "Nisamehe, Mzee Breki. Kengele ilikuwa mkononi mwangu."

"Nimekusamehe, mjukuu. Ila nimelala kifudifudi kama mjusi anayeota jua, kwa hiyo utanisomea gazeti mpaka nipone. Hata matangazo ya vifo."

Jioni, Shangazi alimketisha mpwa wake kando ya dirisha. "Katika matokeo yangu nitaandika yote, pamoja na jana. Mto huu hautoshi bila kujiinua, na watu wana haki ya kujua. Na wewe nisikilize. Kumtii mkubwa ni adabu. Lakini akikuamuru jambo litakalomdhuru mtu, kataa, au kimbia ukamwite mkubwa mwingine. Ukishindwa, kosa lisilale: liseme kama ulivyolisema leo."

Wageni walirudi Mzee Breki alipokuwa amepona. Mkurugenzi alikuwa katikati ya sentensi yake ya pili pale mshale ulipogusa chini. Chiriku hakumtazama mtu. Akagonga.

"Ndege, tayari kwa kuruka!"

Mstari mzima ukainuka. Wageni, wakidhani ndiyo heshima ya hapo, nao wakasimama. Mkurugenzi akashusha karatasi yake, akafunga mdomo, akangoja.