Matone Kwenye Nailoni

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi ilikuwa imefika mlangoni. Mbele ya Fundi alisimama mwanamume mwenye suti ya kijivu iliyomkaa sawasawa, amekumbatia ndoo mbili za rangi nyeupe. Fundi alimpandisha na kumshusha kwa macho, akasonya. Miaka kumi na miwili ya kupanda kwenye dari za watu ilikuwa imemfundisha kuijua aina hii.

"Ukuta unatoka jasho, sivyo?" alimuuliza. "Na wewe unakwenda kuupaka poda."

Mwanamume aligeuka. "Salamu kwanza, dada yangu."

"Salamu haitakukaushia ukuta."

"Nyumba naiuza. Mthamini wa benki anakuja mwezi ujao, na mkopo umenifika hapa." Akagusa fundo la tai. "Mnunuzi anataka kuona weupe tu."

"Na akishahamia akaanza kukohoa?"

Mwanamume alimpa kadi yake tu: mshonaji wa suti, na anwani ya nyumba. Kesho yake Fundi alikwenda kuiona hiyo nyumba, akijiambia anafuata kicheko.

Alikipata. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya matofali mazito, na juu ya dari hapakuwa na kitu ila vumbi. Matundu ya hewa chini ya paa yote yalikuwa yamezibwa kwa mabaki ya vitambaa, ya kijivu, ya buluu, mengine ya mistari. Fundi alichomoa pande moja. Lilikuwa limelowa na kuota ukungu.

"Umeivalisha nyumba suti!"

"Baridi ilikuwa inaingia."

"Baridi inapita kwenye dari tupu, bwana. Hapa umeiziba pua, ndiyo maana inatoka jasho. Na watu wanakuita fundi!"

Mshonaji alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Fundi hakuzoea kutukana mtu akacheka, na hilo ndilo lililomponza.

Kwa wiki tatu walizibua matundu na kutandaza pamba ya nyuzi za kioo, ya kuzuia baridi, juu ya dari, Mshonaji akiwa amevua koti, akijikuna kila mahali. Jioni simu ikawa haitulii.

"Bado unajikuna, mpenzi?"

"Mpaka moyoni."

"Maneno ya saluni hayo. Lala."

Lakini Fundi alikuwa anatabasamu. Kwenye ukuta wenye unyevu alibandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne. Ukuta ukiwa bado na maji, alimweleza, asubuhi utaona matone ndani yake. "Rangi isiguse hapa mpaka hii iamke kavu."

Asubuhi ya siku ya mthamini, Fundi aliingia akakuta ukuta mweupe, unang'aa. Nailoni yake ilikuwa kwenye ndoo ya takataka.

"Anakuja alasiri, mpenzi," Mshonaji alisema, brashi bado mkononi. "Niliogopa."

"Nilidhani nimepata mwanamume, kumbe nimepata kopo la rangi."

"Nifanye nini unisamehe?"

Fundi alichomoa nailoni nyingine mkobani, akaitupa mezani. "Kwangua. Bandika. Siku ikiamka kavu, nipigie. Kabla ya hapo sauti yako siitaki."

Alirudi kwake akiwa na uhakika kwamba mtu wa namna ile hamalizi siku mbili. Angepiga akiapa kwamba ukuta umekauka. Fundi alishaandaa hata tusi la kumjibu. Siku mbili zilipita, ikapita wiki, zikapita tatu. Tusi likachacha, na kilichobaki ni kwamba alimpenda na aliumia.

Siku ya ishirini na tatu, akila chakula cha mchana, simu iliita.

"Imekauka, eti?" alisema kwa dharau yote aliyokuwa ameitunza.

"Bado. Leo matone matatu. Jana yalikuwa matano."

Fundi aliweka kijiko chini. "Sasa umepiga ya nini? Tulikubaliana."

"Nimeshindwa kuvumilia. Rangi niliikwangua siku ileile, mthamini nikamwonyesha ukuta ulivyo, akaandika bei ya kuniaibisha. Mnunuzi kakimbia. Benki wamekubali kurefusha mkopo, na mimi siuzi tena. Nataka tuoane tukae humo. Ukisema nisubiri mpaka matone yaishe, nitasubiri."

Neno moja la uongo lingetosha kumleta Fundi mbio, na hakulitumia. Fundi alikuwa amemkadiria chini kabisa, na sasa aibu ilikuwa yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mtu aliyemdharau alikuwa yeye mwenyewe.

"Matundu umeyaacha wazi?" aliuliza.

"Wazi yote. Naganda kwa baridi."

"Mjinga wewe. Dari ya chumbani hatukuimaliza." Tayari alikuwa ameshika mkoba wa kazi. "Nakuja kuimaliza. Na hilo lako la kuoana..."

"Ndiyo?"

"Vaa ovaroli. Sitaki kuposwa na suti."