Omu Saba

"Paka yuko darini," simu ilisema.

Kwa mafumbo ya idara, maana yake moja tu: kuna anayesikiliza.

Pini alikata simu, akapanda ngazi mbilimbili hadi ukumbi wa mikutano, ghorofa ya juu kabisa. Saa saba kasoro robo mchana. Saa saba kamili Mkuu wa idara angesimama humo na kusoma njia atakayopitishwa shahidi wa kesi ya silaha za magendo. Njia ikivuja, shahidi ni maiti.

Miezi mitatu nyuma njia nyingine ilivuja. Aliyekuwa kwenye usukani siku ile alikuwa mume wa Pini.

Tangu mazishi hajalia. Anakula, analala, anakwenda kazini. Basi.

Chini ya meza aliikuta maikrofoni, ndogo kama punje ya mahindi. Nyaya mbili nyembamba zilipanda ukutani, zikazama darini. Kugonga mlango mmoja mmoja kutafuta zinakoishia kungemshtua mwenye nazo.

Lakini kabla ya ujasusi Pini alikuwa fundi umeme.

Alichomoa maikrofoni, akagusisha testa yake ya Fluke, kipima umeme, kwenye ncha za nyaya. Namba zikatulia: umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Upande wa pili ncha zilikuwa bado zimesokotwa pamoja. Mtu wake hajaunganisha mashine.

"Bonge," aliita redioni. Bonge alikuwa mkuu wa walinzi. "Ukinzani omu saba. Shaba tupu, unene nusu milimita."

"Sema kwa lugha ya binadamu, dada."

"Omu hupima taabu ya umeme kupita. Waya ukiwa mrefu, umeme unapita kwa taabu. Ukiwa mwembamba, taabu zaidi. Huu unene naujua, madini nayajua. Kilichobaki ni urefu. Mita themanini, kwenda na kurudi."

"Kwa hiyo arobaini kutoka hapo."

"Arobaini."

Hatua za Bonge zilisikika kwenye korido nje, akizihesabu, zikakoma.

"Mlango wa mkalimani. Yule mgeni. Nilijua tu! Navunja?"

"Subiri."

Pini alisimama juu ya meza, akainua kipande cha dari. Joto likampiga usoni kama la tanuri. Juu ya waya kulikuwa na mabati matupu, na juu ya mabati jua la mchana. Kipimajoto cha testa kikasoma digrii arobaini.

Hesabu yake ilikuwa ya waya wa digrii ishirini. Shaba ikipata joto, ukinzani hupanda. Waya ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani.

Alipiga hesabu upya kwenye kiganja.

"Thelathini na saba, Bonge."

"Huo si mlango wa..."

"Ndio huo."

Chumba cha kumbukumbu. Cha shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Alirudisha maikrofoni mahali pake, akaenda.

Shemeji alikuwa ameinama nyuma ya kabati, anasokotoa ncha. Alitabasamu kwanza. Kisha akaiona bastola, Glock, mkononi mwa Pini.

"Ile njia ya kwanza ni wewe?"

"Shemeji, waliniambia wanataka mzigo wa kwenye gari tu. Sikujua kaka ndiye anayeendesha. Haki ya Mungu sikujua."

Pini alisubiri hasira ije. Haikuja. Alijikuta anatazama kifungo cha shati la shemeji, kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Unganisha mashine."

"Nini?"

"Unganisha. Wape wenzako wanachokisubiri."

Akabonyeza redio. "Mkuu, soma njia ya uongo, ya reli ya zamani. Bonge, tangulia huko na vijana wako."

Sauti ya Mkuu ikarudi. "Nimekuelewa."

Saa saba kamili sauti ya Mkuu ilijaa kwenye mashine na kurushwa moja kwa moja kwa wanaoisubiri: reli ya zamani, gari moja, bila ulinzi.

Saa nane na dakika kumi Bonge aliita.

"Magari matatu. Watu kumi na mmoja, wote kifudifudi. Hakuna risasi hata moja iliyolia. Shahidi kapita njia nyingine, yuko mahakamani anaongea."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Njoo umchukue huyu."

Pini alishuka hadi kwenye maegesho. Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, shemeji yako hapokei simu. Aliahidi kuja kunitazama leo."

"Amebanwa kazini, mama. Nakuja mimi."

Akawasha gari.