Dirisha la Wodi ya Wazazi

Ukumbi wa mafunzo ulifurika. Kila ofisi ya ujenzi ilikuwa imeleta watu wake kujifunza programu mpya, na kwa kuwa kompyuta hazikutosha, wakakalishwa wawili wawili. Ndivyo msanifu majengo mmoja, dada wa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, alivyojikuta kando ya mhandisi mwenye doa la wino kwenye mfuko wa shati jeupe.

"Kaka, hicho kipanya ni cha wawili."

"Samahani, Msanifu. Nilitaka kuona jengo linavyozunguka."

"Umelizungusha mpaka limeshikwa na kizunguzungu."

Mhandisi akacheka, akamwachia. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba mambo ya kila mtu na mchoro wake yamepitwa na wakati. Sasa jengo zima husimamishwa kwanza ndani ya kompyuta, kuta, nguzo na mabomba katika modeli moja; mmoja akigusa, wote wanaona. Wale wawili hawakusikia hata nusu.

Kabla mvua hazijaanza walikuwa wapenzi, tena wamepewa kazi moja: wodi ya wazazi. Msanifu aliweka dirisha pana ukuta wa mashariki, ili mama aliyelala na kichanga aone nje. Dada yake alijifungulia kwenye chumba kisicho na hata tundu la mwanga, akatoka akilalamika kwamba alilazwa stoo.

"Hili dirisha ni lake," alimwambia mhandisi kwenye simu. "Ukiligusa, mimi na wewe basi."

"Nani aliguse, laazizi? Mimi mtu wa nguzo tu."

Modeli nayo ilikuwa na visirani vyake. Ilikwama, ikajifunga yenyewe, ikameza kazi ya asubuhi nzima. Kila walipounganisha kazi zao, vilivyogongana viliwaka vyekundu: bomba limetoboa boriti, ngazi imeingia chooni. Msanifu shingo ilimkakamaa, macho yakamuwasha, na bado wekundu haukuisha.

Siku ya kuonyesha kazi, akaifungua modeli kwenye skrini kubwa mbele ya daktari mkuu wa hospitali na wenzake. Pale palipokuwa na dirisha palisimama ukuta wa zege.

"Mbona giza?" daktari akauliza. "Si tulikubaliana mwanga?"

Msanifu akaubofya ule ukuta. Likatokea jina la aliyeuweka: mhandisi. Akatoka hadi kwenye korido, akampigia simu.

"Umeziba dirisha langu?"

"Majibu ya vipimo vya udongo yalitoka jana. Upande ule ardhi ni laini. Bila ukuta wa kulikaza, jengo litapasuka. Niliweka alama kwenye modeli..."

"Alama! Una namba yangu, una mdomo, unaniwekea alama?"

"Niliogopa, mpenzi. Nilijua utakasirika."

"Ukaona afadhali niaibike mbele za watu? Usinipigie tena!"

Hakupiga. Lakini kazi haikuwaruhusu kuachana. Kila siku msanifu aliliona jina la mhandisi likiwaka pembeni mwa skrini, ishara kwamba yumo ndani ya jengo lilelile, anapanga nguzo zake kimyakimya. Wakaishi hivyo, kama watu wa nyumba moja wasiosalimiana.

Alasiri moja msanifu alikuwa akijaribu kuliingiza dirisha ukuta wa kusini. Wekundu. Akajaribu tena. Wekundu. Akapiga meza kwa kiganja. Mara akaona nguzo moja inasogea kidogo, kisha inarudi. Ikasogea, ikarudi. Akanyakua simu.

"Unaifanya nini hiyo nguzo?"

"Nikiisogeza, dirisha linaingia. Hesabu nimeshapiga."

"Sasa mbona unairudisha?"

"Naogopa kugusa kitu chako bila kukuuliza."

"Si uulize!"

"Nisogeze?"

Msanifu akavuta kiti cha pili. "Njoo uisogeze hapa, nikikuona. Na ujue sijakusamehe."

Alifika anahema, kola imepinda. Wakaketi bega kwa bega. Modeli ikakwama, wote wawili wakaitukana. Ilipofunguka, nguzo ikasogea na dirisha likakaa bila wekundu.

"Ni dogo," msanifu akasema.

"Ni dogo. Siwezi kukudanganya."

Msanifu akalitazama kwa muda mrefu, akafuta macho kwa kiganja. Mwanga ungeingia, ila si ule aliouota.

"Kuna jingine," mhandisi akasema. "Nataka kukuoa."

"Hivi hivi? Nimekununia?"

"Nikingoja uache kununa, nitazeeka."

Cheko likamponyoka msanifu bila kupenda, akalikatisha haraka. Akazima kompyuta, akachukua mkoba.

"Mama yupo nyumbani. Twende ukamwambie mwenyewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na hiyo kola, itengeneze."