Gunia Lililojaa Upesi

Babu yenu aliacha kuzamia paua, wale konokono wakubwa wa baharini wanaong'ang'ania miamba, akiwa na miaka ishirini na sita, na aliyemwachisha si mimi. Kaeni niwaambie. Mwenye kuogopa ajifunike blanketi sasa hivi.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Jua limeshaanza kushuka, nasi ndiyo kwanza tunateremka miambani: mimi, Rawiri babu yenu, na rafiki yangu Kahu. Tulitaka paua wachache tu wa kukaanga kwa siagi, tule, tucheke, turudi nyumbani.

Wiki mbili nyuma, wimbi lilimchukua Tamihana, binamu yake Kahu, hapo hapo jirani. Hakuonekana tena. Wazee wakaweka rahui: mtu asizamie wala asile cha baharini mpaka mwili upatikane.

"Rahui inaishia kwenye jabali jeupe," alisema Rawiri akijibana ndani ya suti yake ya mpira. "Sisi tuko huku."

"Na maji yanalijua hilo jabali?"

"Mke wangu, kama unaogopa, kaa ushike kamba."

Kahu akacheka. "Mwache shoga yangu aogope. Akisikia harufu ya siagi hofu yote itamtoka."

Nikashika kamba. Mwisho wa pili ulifungwa kwenye mpira wa tairi la lori unaoelea, na chini ya mpira lilining'inia gunia. Likijaa, wao huvuta kamba mara mbili, nami nalileta nchi kavu.

Wakazama.

Kimya. Harufu ya mwani tu. Kisha... harufu nyingine. Tamu, nzito, kama maua yaliyokaa siku nyingi karibu na jeneza.

Kamba ikavutwa.

Mara mbili.

Hata nusu dakika haijafika! Nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Gunia limejaa pomoni, paua wakubwa kama sahani.

Rawiri akaibuka mbali, kushoto kabisa. "Hakuna kitu huku! Mwamba mtupu!"

Kahu akaibuka kulia. "Hata huku! Mimi nimeganda, natoka!"

Nikataka kumwita Rawiri, lakini alikuwa ameshazama tena.

Kahu akaja, nikamfunika blanketi. Akaliona gunia.

"Nani kajaza?" akanong'ona.

"Si nyinyi?"

Akatikisa kichwa. Meno yanagongana. "Tamihana ndiye alikuwa hivyo. Hakupenda turudi mikono mitupu."

Nikaanza kuhesabu. Pumzi ya Rawiri ilikuwa sabini, themanini akijikaza. Nikafika tisini. Mia. Mia na ishirini...

Maji yametulia kama mafuta.

Nikaliburura gunia hadi ukingoni nikalimwaga. "Tamihana, mdogo wangu! Chukua vyako! Nirudishie wangu!" Paua mmoja aling'ang'ania gunia, hatoki. Kahu akamchokonoa kwa kucha, huku analia. Akatoka. Akaanguka majini.

Hapo hapo Rawiri akaibuka.

Alipanda mwambani akihema, amekasirika. "Kelele za nini? Kahu alikuwa ananionyesha pango. Kanishika mkono, ananivuta tu, ananivuta... Bado yuko chini! Niacheni nimfuate!"

"Rawiri," nikamwambia taratibu. "Geuka."

Kahu alikuwa nyuma yake, kajikunyata kwenye blanketi.

Babu yenu akamtazama. Kisha akautazama mkono wake wa kulia. Akaanza kuvua suti, tukarudi nyumbani.

Shangazi Mereana, mmoja wa wazee walioweka rahui, hakutugombeza. Aliuliza pango liko wapi, basi. Asubuhi wanaume wakaenda na maombi yao, na mwili wa Tamihana ulikuwemo humo pangoni. Mama yake akapata wa kumlilia na wa kumzika. Ila waliomtoa walisema mikono yake yote miwili ilikuwa imebanwa chini ya jiwe, na jiwe lile watu wanne walilisukuma kwa shida.

Wako waliosema Rawiri aliishiwa hewa, akili ikamchezea. Sawa. Na gunia lilijazwa na akili ya nani?

Nililala na babu yenu miaka thelathini na minane. Kila Julai, usingizini, mkono wake wa kulia ulitoka nje ya blanketi, vidole vimefumbata kama vya mtu anayeongozwa njia. Mimi nilimshika kiuno kwa nguvu, nikamvutia kwangu mpaka kukakucha.

Mkono ule sikuthubutu kuugusa.