Halua ya Namba Kumi na Saba

Harufu ilianza Jumanne, saa kumi alasiri, jiko likiwa baridi. Nurten alikuwa anakunja nguo akasikia harufu ya unga unaokaangwa kwa siagi, nzito na tamu, ile ambayo mji wote wa Kayseri, kule Uturuki, unaijua na hakuna anayeitamani. Halua ya namna hiyo hukorogwa nyumba ikifiwa, na anayekoroga hutaja jina la marehemu. Alishuka ghorofa zote nne akigonga milango. Hakuna aliyefiwa.

Mumewe, Tuncay, aliporudi kazini alimcheka. "Au una mimba? Wenye mimba hunusa hata visivyokuwepo."

Tuncay alikuwa rubani asiyepanda ndege. Alikaa ndani ya kontena lenye kiyoyozi nje ya mji, akiendesha droni, ndege ya kivita isiyo na mtu ndani, iliyokuwa ikizunguka mbali, ng'ambo ya mpaka. Kwenye skrini watu walikuwa vidoa vyeupe. Akibonyeza kitufe cha kombora, vidoa vinatulia na kufifia, naye anapitia mkate dukani na kurudi kwake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayesimulia. Hakuwahi kumpiga mtu hata kofi.

Harufu ilirudi Jumatano. Safari hii ilikuja na sauti: kijiko cha mti kikikwangua sufuria, taratibu, jikoni kusiko na mtu. Nurten alipochungulia alimkuta binti yao Sevda, wa miaka mitano, ameketi sakafuni, mdomo wazi.

"Unafanya nini hapo?"

"Namsubiri yule mama, anakoroga. Amesema ikiiva, mimi ndiye nitakayeonja kwanza."

Nurten alimnyakua mtoto akatoka naye mbio.

Ijumaa baada ya swala alikuja Shehe Niyazi. Alisimama jikoni, Nurten na Tuncay nyuma yake, akakisikiliza kijiko.

"Huyu ni jini aliyezaliwa pamoja na mtu," alinong'ona. "Mtu wake kauawa na hakuna aliyemlilia. Halua yake haiepuliwi mpaka jina litajwe. Umemuua nani, Tuncay mwanangu?"

"Mimi? Mimi nakaa ofisini, shehe."

Kijiko kikaongeza kasi.

"Sema, Tuncay!" Nurten alilia. "Anamtaka mwanangu!"

"Sijui majina! Tunapewa namba tu. Wa Jumanne alikuwa... Kumi na Saba."

"Basi mtajie hiyo kama jina, tuone," alisema shehe.

Tuncay akaitaja, na kijiko kikasimama, na wote wakahisi kuna mtu amegeuka kuwatazama kutoka pale penye jiko, akiwatazama mmoja mmoja bila haraka, kisha sufuria isiyoonekana ikaanza kukwanguliwa kwa hasira hadi vikombe vikatetemeka kabatini na shehe mwenyewe akarudi nyuma akitafuta mlango kwa mkono.

"Namba haiombewi," alisema shehe walipofika nje, anatokwa jasho. "Nenda katafute jina. Mtoto asiingie humu kabisa."

Walifunga jiko kwa ufunguo. Tuncay akakimbilia kambini kwa mkuu wake.

"Wa Jumanne aliitwa nani, afande?"

Mkuu aliangua kicheko. "Unataka kumtumia kadi? Tungemjua jina, tungempa namba ya nini?"

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Nurten alimpokea mlangoni, machozi ya furaha yanamtiririka.

"Kijiko kimenyamaza! Amekwenda zake! Umelipata wapi jina?"

"Sikulipata," alisema Tuncay.

Wakageukia jiko. Sevda alikuwa ameketi kwenye ukumbi, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa jiko.

"Yule mama alikuwa analia, baba," alisema. "Hana jina la kutaja. Nikampa langu."

Kengele ya mlango ikalia. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amesimama nje, kitambaa kichwani, macho mekundu, sahani ya halua ya moto mkononi.

"Nurten, dada yangu, pole," alisema. "Nimeikuta mlangoni kwangu sasa hivi, na sauti ya mwanamke ikiniambia ni ya Sevda. Jamani, mtoto mdogo vile!"