Mradi Usio na Jina na Panga Shingoni Mwangu

"Ni huyu hapa!"

Aliyesema hivyo ni mchumba wangu. Na kidole chake kilikuwa kinaninyooshea mimi!

Sikuwahi hata kuinuka kwenye kiti. Panga lilishuka, likanichana mkono kuanzia kiwiko kuja chini, likakita mezani. Damu ikarukia kibodi, ikarukia na chakula changu cha mchana ambacho nilikuwa sijakigusa...

"NONG, USINIUE!"

Jamani, hata sasa naandika kwa mkono mmoja, wa pili una nyuzi. Nisomeni taratibu.

Naitwa Judylyn. Mimi na Jerwin tulikuwa tunaendesha mfumo wa dharura wa mtaa wetu hapa mjini Mandaue. Nyumba ikishika moto, unabonyeza kwenye simu, kioo cha kituo cha zimamoto kinawaka, gari linatoka. Kazi yetu ilikuwa moja tu, mfumo usizimike.

Wiki ile ukazimika.

Ulizimika kidogo, nusu saa haikufika. Lakini ndani ya muda huohuo nyumba ya mama yake Nong Crisanto iliwaka moto. Majirani walibonyeza, wakabonyeza tena na tena... kioo cha kituo kikabaki cheusi. Mama wa watu alikuwa amepooza miguu. Mlango ulikuwa pale pale na hakuweza kuufikia.

Sasa mwanawe alikuwa amesimama juu yangu na panga.

Nong Crisanto anachoma nguruwe sokoni. Mtaa mzima tunamwita Nong kwa sababu ametuzidi umri, na hakuna sherehe yetu iliyowahi kupita bila nyama yake. Nilizoea kumuona anatania watu huku anakata. Siku hiyo macho yalikuwa mekundu kama hajalala tangu mazishi.

"Wewe ndiye uliyezima?"

"Siyo mimi, Nong!"

"Jerwin kasema ni wewe!"

Nikamgeukia Jerwin. Alikuwa amejibanza mlangoni.

"Langga, mpenzi wangu... unasema nini?"

Akaangalia pembeni.

"Nilimkataza asiguse, Nong. Hasikii huyu. Anajifanya anajua kila kitu."

Kudadeki! Harusi yetu ilikuwa Desemba. Gauni liko kwa fundi. Na mwanaume ananiuza mchana kweupe!

Nong Crisanto akanikamata nywele, akanibamiza uso mezani. Jino likavunjika, nikalitema pamoja na damu. Kisha nikausikia ubaridi wa panga nyuma ya shingo.

"Mama alikuwa anaita!" Akanibamiza tena. "Majirani walimsikia! Anaita jina langu, na mimi niko sokoni nawakatia watu nyama!"

Alikuwa analia. Machozi yake yalinidondokea shingoni, pale pale lilipokaa panga. Nawaambia ukweli, nilimuogopa na nilimhurumia kwa pamoja.

Subirini kwanza. Najua mnataka kujua kama nilichinjwa. Sasa ningechinjwa, nani angeandika hapa?

Acha niwaeleze kitu kimoja, bila hicho hamtaelewa kilichoniokoa.

Programu zetu tunazifungia kwenye makasha. Kuna chombo kinachowasha na kuzima makasha mengi kwa amri moja, na kundi la makasha hayo tunaliita mradi. Kila mradi lazima uwe na jina. Usipoupa jina, chombo kinajichukulia jina la folda ulimowekwa.

Mradi wetu wa kweli haukuwa na jina. Folda yake iliitwa "mfumo".

Jerwin alitaka kujaribu mambo mapya. Akanakili folda nzima, akaiweka kwenye kona yake ya mashine ileile. Jina akaliacha vilevile, "mfumo". Kwa macho yake ile ilikuwa miradi miwili, wa kweli na wa mazoezi. Kwa macho ya chombo ulikuwa mmoja! Siku ya moto alimaliza mazoezi yake, akatoa amri ya kuzima, ukazimika na wa kweli.

Nakala yake niliigundua asubuhi ya siku hii ya panga. Nikasema nitamuuliza taratibu tukiwa wawili, si mchumba wangu bwana! Kumbe mwenzangu amepitia sokoni kwa Nong kwanza.

Basi, panga liko shingoni. Nikavuta pumzi.

"Nong... kabla hujanimaliza, mwambie Jerwin afanye kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Ana mradi wake wa mazoezi. Auzime. Sasa hivi, mbele yako."

Jerwin akacheka kicheko kikavu.

"Nong, huyu anakuzungusha tu. Anasubiri polisi."

"Ni mazoezi tu, Jerwin," nikamwambia. Mdomo ulikuwa umejaa damu. "Kuzima mazoezi kunakuumiza nini?"

Nong Crisanto akamtazama. Panga halikutoka kwangu, ila mkono ulilegea kidogo.

"Kaa. Andika."

"Nong, sikiliza..."

"NIMESEMA ANDIKA!"

Jerwin akakaa kwenye kompyuta yake. Akaandika amri. Ukutani, kwenye kioo kikubwa, kulikuwa na alama nyekundu, mtu wa upande wa Subangdaku amebonyeza na gari la zimamoto lilikuwa njiani. Jerwin akaitazama ile alama, akatazama kidole chake. Jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Bonyeza," nikamwambia.

Akauondoa mkono kwenye kibodi.

"Bonyeza wewe!" Nong Crisanto akapiga teke kiti chake.

"Siwezi..."

"Huwezi nini?"

"Itazima... itazima na wa kweli!"

Nong Crisanto akauliza polepole, sauti ya chini kabisa.

"Umejuaje?"

Jerwin akasukuma kiti nyuma.

"Nakuuliza, wewe kijana. UMEJUAJE KAMA ITAZIMA WA KWELI?"

Panga likaondoka shingoni mwangu.

Nilichokiona baada ya hapo sitakisahau. Jerwin alijikinga na mkono wa kulia. Vidole vikadondoka kwenye sakafu! Akapiga yowe, akaanguka na kiti. Panga likapanda tena, safari hii likilenga kichwa...

Nilimrukia Nong Crisanto kiunoni na mkono wangu unaovuja. Tukaanguka wote. Akanipiga kiwiko cha mbavu, sikumwachia.

"Nong, inatosha! Atakufa, na wewe utaozea jela! Mama hatarudi!"

Alihangaika kidogo. Halafu nguvu zikamwisha, akaliachia panga, akalia palepale chini huku nimemng'ang'ania. Polisi walitukuta hivyo.

Jerwin nilimuona hospitali. Mkono umefungwa bandeji, na bado ana mdomo!

"Wewe ni mnyama, Judylyn. Ningebonyeza je? Ungezima mfumo, watu waungue, ili tu unishinde?"

Nikavua pete, nikamwekea juu ya shuka.

"Asubuhi ile, kabla hujafika na Nong, niliupa mradi wa kweli jina lake, nikauwasha upya. Ungebonyeza, ungezimika wa kwako peke yake. Kisingeguswa kitu, Jerwin. Ungebonyeza tu, mimi ningekuwa maiti na wewe ungekuwa huru."

Nikatoka.

Ndugu zangu, mradi wako upe jina mwenyewe, usingoje ujipatie. Hilo ni la wenzangu wa kazi. La sisi wote ni hili, ukikosea sema, hata kama miguu inatetemeka.

Jana nilikwenda mahabusu kumpelekea Nong Crisanto chakula. Alikula kidogo, akanitazama mkono.

"Nisamehe, Day, binti yangu. Yule kijana angekuja kwangu akaniambia, 'Nong, nilikosea,' ningelia naye. Panga ningeliacha sokoni."