Funguo za Bwawa

Kamba ilikatika.

Sindano alining'inia kwa mkono mmoja ndani ya shimo la lifti, ghorofa nane hewani, ovaroli ya fundi ikimbana mabega. Mkono mnene ulimdaka kutoka juu ukamvuta kama gunia.

"Pole, shemeji," alisema mwenye mkono. "Umwache dada yangu mjane mapema hivi?"

Alikuwa shemeji yake kweli. Sindano, jasusi wa serikali, alitumwa kujipenyeza katika genge la wezi wa masefu, akaishia kumwoa dada wa mkuu wa genge. Hilo halikuwa kwenye amri.

Kidude cha sikioni kikakoroma. Mkubwa wake.

"Sindano, unanipata?"

Akagonga kitufe cha redio kolani mara mbili. Ndiyo.

"Mteja wao yuko chini, ndani ya Mercedes nyeusi. Tunamtaka na mzigo mkononi. Mkuu wa wezi asitoke hai. Umesikia?"

Alisikia.

Ofisi ilikuwa tupu, wenyewe wameenda kula. Shemeji akapiga magoti mbele ya sefu. Drili ya Bosch ikalia kidogo, mlango ukatii. Akatoa mkoba wa chuma, akageuka, akakutana na mdomo wa bastola ya Beretta mkononi mwa Sindano.

Hakushtuka hata kidogo.

"Nilidhani utaitoa mapema zaidi."

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Mwizi hafungi mlango nyuma yake, shemeji. Ataukimbilia baadaye. Wewe kila ukiingia unafunga, tena taratibu, kistaarabu. Nikasema, huyu kafundishwa na serikali."

"Mbona hukunimaliza?"

"Dada alishakupenda. Ningemweleza nini?"

Akausukuma mkoba kwa mguu. "Mteja aliniambia ni almasi. Jana kalewa, karopoka. Ni funguo za kufungulia malango ya bwawa, maji yagharikishe bonde. Bondeni kule kuna mama yangu, kuna wanangu, kuna watu chungu nzima! Mimi naiba, siui. Ningekataa, angetafuta wengine. Nikaona bora ziangukie mikononi mwako."

Sindano alishusha bastola. Alimpenda huyu mtu, na alijichukia kwa hilo.

"Ngazi za nyuma," alisema. "Huko hakuna mtu wetu."

"Sharti moja. Dada umwambie wewe ni nani. Leo, kwa mdomo wako."

Akayeyuka.

Chini, kioo cha Mercedes kilishuka. Mkono wenye saa ya Rolex ukatoka kupokea mkoba. Ulipoushika tu, Beretta ikagusa sikio la mteja.

"Almasi zako hizo, mzee. Tulia."

Askari walijaa kutoka kila upande.

"Mteja tunaye," Mkubwa alikoroma. "Mkuu wa genge?"

"Kanitoroka."

"Wewe? Utorokwe?"

"Ndiyo, Mkubwa."

Simu ikaita. Mkewe.

"Kaka kanipigia. Anasema una neno la kuniambia. Mko salama?"

Sindano akamwambia. Lote, bila kupunguza.



"Niliolewa na mwizi, nikijua," alisema mkewe. "Nikampenda hivyo hivyo na wizi wake. Sasa wewe ndiye nani?"

Simu ikakatwa.

Iliuma kuliko risasi zote alizowahi kupigwa. Sindano alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akapita taratibu katikati ya askari waliokuwa wakimpigia makofi, akaenda zake.